Jicho la Samaki na Mgongo wa Bibi

Wengi wetu tunaoandika katika kurasa hizi tulifundishwa kuhakiki kwa utaratibu mmoja tu: maudhui kwanza, kisha fani, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, basi, kalamu chini. Ukitaka alama za ziada unaongeza falsafa. Leo nataka kuutumia utaratibu huohuo kuhakiki kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya vitabu teule: picha 12 zilizobandikwa ukutani katika studio moja ndogo mjini Mbinga, zote zimepigwa kwa lenzi moja, ile inayoitwa jicho la samaki.

Mpiga picha ni rafiki yangu. Tulimaliza kidato cha nne pamoja, tukafeli hesabu pamoja. Jina lake silitaji, maana mengine nitakayoyasema hayatampendeza, na kesho tutakunywa chai katika mgahawa uleule. Siku za Jumamosi mimi ndiye msaidizi wake: nabeba begi, nashika taa, nawapanga watu wa harusi. Kwa hiyo lawama nitakazozitoa humu nusu yake ni zangu. Siku nyingine zote naandika riwaya ambayo bado haijapata mchapishaji. Hilo nalo linahusika, kama utakavyoona mbele.

Chombo chenyewe

Kabla ya kumhakiki mshairi ni vizuri kuijua bahari anayotumia. Lenzi ya rafiki yangu ni Samyang ya milimita 8, iliyotengenezwa Korea Kusini. Lenzi ya namna hii ilitoka mwaka 2009, na imeuzwa kwa majina mengi: Rokinon, Bower, Vivitar, Walimex. Ni mtoto mmoja mwenye majina ya ukoo matano. Yake aliinunua kwa mtu, imeshatumika, kwa pesa za harusi tatu. Ni rahisi kwa sababu haina mota wala ubongo. Haiongei na kamera. Fokasi unazungusha kwa mkono, tundu la kupitishia mwanga unalichagua kwa mkono, na mahesabu unayafanya kichwani.

Jamaa wengi huishia hapo. Wanaifunga lenzi kwenye kamera ya dijitali, wanabonyeza, kamera inagoma. Wanasema mbovu, wanairudisha. Kumbe kwenye kamera nyingi zisizo na kioo ndani inabidi uingie kwenye menyu, uipe kamera ruhusa ya kupiga hata kama inadhani haina lenzi. Na baadhi ya kamera za Nikon za bei ya chini hata mwanga hazitakupimia. Unakisia, unapiga, unatazama kioo, unarekebisha, unapiga tena. Mafundi wetu wa zamani waliotumia mikanda walipima mwanga kwa macho bila kioo cha kutazamia, na hawakulalamika.

Ila kwenye fokasi lenzi hii ni ya huruma sana. Weka tundu kwenye 8, weka fokasi kama nusu mita, halafu iache. Kila kitu kuanzia mtu anayekugusa mpaka mlima wa mbali kitatoka kikali. Ndiyo maana kwenye ngoma, watu wanaruka na vumbi limetanda, lenzi hii ya mkono inaipita ile ya gharama inayohangaika kutafuta fokasi huku wakati unakwenda zake.

Na kwa nini iitwe jicho la samaki? Hapa sisi wa mwambao wa Nyasa tuna haki ya kusema. Ukizama ziwani pale Mbamba Bay, maji yakiwa yametulia, ukageuza uso juu, utaona ajabu: dunia yote ya nje, anga, mawe, mitumbwi, mpaka vichwa vya wenzako, imebanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chako. Nje ya duara hilo ni giza la maji. Mwanga ukiingia majini hupinda, na hivyo nusu nzima ya dunia huingia katika dirisha la nyuzi 97 hivi. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alitaka kujua samaki anaonaje, akatumia kamera iliyojazwa maji. Yeye ndiye aliyelianzisha jina hilo. Mwaka 1924 Mwingereza Robin Hill akabuni lenzi ya kioo inayofanya kazi hiyo bila maji, akiwa na shabaha ya kupiga picha ya anga zima ili mawingu yachunguzwe. Na mwaka 1962 Nikon wakatoa ya kufungwa kwenye kamera ndogo za mikanda.

Nimeyataja haya si kwa kujionyesha. Nataka ukumbuke jambo moja tunapoendelea: lenzi hii ilianza kama jicho la mtu aliye chini anayetazama juu, tena anayetaka kuona vyote kwa mara moja. Haikubuniwa kwa ajili ya kuwachekesha watu.

Maudhui

Picha 12 zimegawanyika katika mafungu matatu. Nne ni za milimani, upande wa Umatengo: mashamba ya ngoro, kahawa iliyoanikwa, barabara. Tano ni za mwambao: Mbamba Bay, Liuli, mitumbwi, usipa. Tatu ni za sherehe: ngoma ya mganda, harusi, na kipaimara.

Dhamira kuu, kwa maoni yangu, ni upana. Mbinga ya zamani ilikuwa wilaya moja kuanzia baridi ya milima ya kahawa mpaka joto la ziwani. Mwaka 2012 Nyasa ikamegwa ikawa wilaya yake. Sasa hivi lami ya kilomita 67 inakuteremsha kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, koti unaliondoa njiani na kufika ukiwa na shati lililolowa jasho. Rafiki yangu anataka kusema kwamba hii bado ni nchi moja, na kwamba ni nchi pana kuliko wanavyodhani watu wa mijini mikubwa, ambao Ruvuma wanaikumbuka kwenye taarifa ya mahindi tu. Hii ni dhamira nzuri. Swali la mhakiki ni moja: je, fani imeibeba?

Fani

Naanza na picha inayonifanya nimwite rafiki yangu msanii bila kuona aibu. Ni ya shamba la ngoro, imepigwa mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni. Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu: ngoro ni mashimo ya Wamatengo. Majani hufyekwa, yakapangwa mlimani kwa mistari inayokatana kama madirisha, halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya majani. Kwenye matuta hupandwa maharage. Shimo linakamata maji na udongo, mlima hauporomoki. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, na jembe hushikwa na wanawake.

Katika picha hiyo mama mmoja amesimama katikati, jembe limeinuliwa, na mashimo yanamzunguka pande zote kama masega ya nyuki, yanazidi kuwa madogo mpaka kwenye mgongo wa kilima. Lenzi imeupinda mlima, lakini mlima wenyewe ulikuwa umepinda tangu kuumbwa. Mistari ya ngoro haikuwa imenyooka kama ya daftari, bali inafuata mwili wa ardhi. Kwa hiyo upotoshaji wa lenzi umekutana na umbo la kweli, vikashikana mikono. Unaona kazi ile ilivyo kubwa, na unaona nani anaifanya. Hapo fani imeoana na maudhui.

Ya pili iliyofaulu ni ya mama anayeanika usipa. Hapa mpiga picha alipiga magoti mchangani, kamera ikawa karibu usawa wa dagaa wenyewe. Usipa wamejaa sehemu ya chini ya picha, mmoja mmoja unamhesabu jicho lake. Juu yao mama ameinama, mkono wake umekuja mbele ukiwa mkubwa, na nyuma yake ziwa lote limelala. Mstari wa maji umenyooka kama kamba.

Umenyookaje kwenye lenzi inayopinda kila kitu? Wanaoanza washike hili. Mstari wowote unaopita katikati kabisa ya picha haupindi. Ukiinua kamera, upeo wa ziwa unashuka chini ya katikati na kulegea kama bakuli. Ukiiinamisha, upeo unapanda juu na kuvimba kama kilima. Ukiuweka katikati, unatulia. Rafiki yangu alijua, akauweka katikati, ziwa likabaki ziwa. Mpindo akauacha uende kwenye mchanga na mawingu, vitu visivyodaiwa kunyooka.

Zaidi ya hapo, picha ile isingepigika kwa wizi. Lenzi nyingine zinakuruhusu usimame mbali ukamchungulia mtu bila yeye kujua. Jicho la samaki linakulazimisha usogee mpaka nusu mita, mahali ambapo lazima usalimie. Rafiki yangu alisalimia, akajibiwa, akaulizwa ni mtoto wa nani, akaeleza ukoo mpaka wa babu. Ndipo akapiga. Uso wa mama yule umetulia, na ule utulivu ulitokana na salamu ndefu.

Sasa upande wa pili.

Kuna picha ya jiwe la Liuli. Jiwe hili ndilo lililowafanya Wajerumani waiite bandari ile Sphinxhafen, kwa kuwa waliona linafanana na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Ni bandari yenye historia: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia pale meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu. Rafiki yangu alisafiri hadi Liuli kwa ajili ya jiwe hilo. Akasimama mbali, akapiga. Matokeo: maji mengi, mawingu mengi, na jiwe dogo kama ukucha. Hakuelewa kwamba lenzi hii inasukuma mbali kila kisichokuwa karibu. Mtu anaona neno "pana" anadhani ni kubwa, kumbe upana hugawa ukubwa. Ukitaka vyote viingie, kila kimoja kitapunguzwa fungu lake, isipokuwa kile ulichokikaribia.

Ya mganda inaniuma zaidi. Mganda ni ngoma ya mistari. Wanaume wanavaa sare nyeupe, wanajipanga kama askari, na asili ya ngoma yenyewe ina harufu ya gwaride la kijeshi la enzi za wakoloni, ambalo wazee wetu walilichukua wakaligeuza likawa lao. Utamu wake wote ni ile hatua moja ya watu wengi, mstari unaokwenda bila mtu kutoka. Na vijiji vinashindania hilohilo. Rafiki yangu akasimama juu ya kiti, akainamisha kamera, akapiga. Mstari ukawa ndizi. Wale wa pembeni wanaonekana kama wanaanguka, wa katikati vichwa vimekuwa vikubwa na miguu imeishia hewani. Vijana waliokuja studio walicheka, "bomba kinoma!" Mzee mmoja wa kundi lile alikuja kuiona, akasimama muda, akauliza kwa upole, "Hapa nani alikosea hatua?" Hakuna aliyekosea. Lenzi ndiyo iliyokosea kwa niaba yao.

Ipo pia kasoro ya mwanga, nayo imejirudia katika picha tatu. Kwa kuwa lenzi hii inaona karibu nyuzi 180 kutoka pembe hadi pembe, anga haliwezi kukosekana. Anga la ziwani ni jeupe, kali. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe, inalihurumia anga na kuwatoa watu kafara. Mawingu yanatoka vizuri sana, na wavuvi wa ngozi kama yangu wanakuwa vivuli visivyo na macho wala pua. Dawa ni kupima mwanga kwenye uso wa mtu, anga likiungua liungue. Nani alikuja kwa ajili ya anga? Robin Hill, ndiyo, lakini sisi si watu wa hali ya hewa.

Na mwisho wa fani: katika picha ya mitumbwi, chini kabisa, kuna kivuli cha mpiga picha, viwiko vimetanuka. Rafiki yangu alitaka kukikata. Nilimwambia akiache. Kwa upana ule, jua likiwa mgongoni, kivuli chako lazima kiingie, na ncha za viatu vyako pia. Lenzi hii haikubali mtu ajifanye hakuwepo.

Picha ya kumi na mbili

Ni ya kipaimara cha binamu yangu. Nitaieleza taratibu kwa sababu nilikuwepo na ndiye niliyewapanga watu.

Sebule ilikuwa ndogo, ukoo mkubwa. Lenzi ya kawaida ingechukua nusu ya benchi. Rafiki yangu akasema hamna shida, akafunga jicho la samaki, akasogea mpaka karibu ya meza. Katikati nikaiweka keki, nyuma ya keki binamu na baba mdogo aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Wengine nikawasukumia pembeni kadiri ya nafasi. Bibi, mama yake baba, nikamkalisha mwisho wa benchi upande wa kulia, kwa sababu alikuwa mwembamba na pale palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mwembamba.

Picha ilipotoka, kila mtu alikuwemo. Keki ilikuwa kubwa kama ngoma. Baba mdogo alikuwa na kifua cha waziri. Na Bibi, kule ukingoni, alikuwa mdogo, amepinda kama upinde: kiuno kimetokeza nje, kichwa na miguu vimevutwa kuelekea kwenye keki. Mstari ulio mbali na katikati ndivyo unavyofanywa na lenzi hii, na Bibi alikuwa mstari.

Wageni walipokwisha ondoka nikampelekea aione. Alikuwa na desturi ya kuniita mume wake, kama bibi zetu wafanyavyo. Akaisogeza picha mlangoni kwenye mwanga, akatazama.

"Mume wangu," akasema, "mgongo wangu mmeupeleka wapi?"

Nikacheka. Nikamweleza habari za lenzi, kwamba ni mtindo, kwamba ndiyo sanaa yenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba amebeba ndoo ya maji kichwani tangu hajavunja ungo, amelima ngoro za watu na za kwake, na wakwe zake walimpendea jinsi anavyosimama. "Kibyongo sina. Mmenipa ninyi."

Mwaka uliofuata alifariki. Tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Bibi hakuwa mtu wa picha, na ya karibuni ilikuwa hiyo. Usiku tulikaa studio na rafiki yangu, tukaiingiza kwenye kompyuta, kwenye programu ya kunyoosha mipindo. Programu hizo zipo na zinafanya kazi, lakini kwa gharama: kinachonyooshwa katikati hulipiwa na kilichoko pembeni. Mgongo wa Bibi ulinyooka. Uso wake ukatanuka kama chapati. Tukapunguza, mgongo ukarudi kupinda. Tulishinda hivyo mpaka saa tisa za usiku, tukimchagulia marehemu kati ya uso na mgongo.

Mwishowe tulikuza picha ya kwenye kitambulisho chake cha taifa. Ilipigwa na mtumishi ambaye hakumjua, foleni ikiwa imefika nje, kwa kamera isiyo na ufundi wowote. Ilikuwa na ukungu na vidoadoa. Lakini mtumishi yule alimkalisha katikati, akamwambia, "Mama, tazama hapa," na yeye akatazama. Ndiye yeye. Waombolezaji walipopita mbele ya picha hiyo walimtambua.

Hili linatuhusu vipi waandishi?

Usiku ule sikulala. Nilifungua kaunta buku tatu zenye riwaya yangu. Mhusika mkuu ni kijana wa Mbinga anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, kama ilivyo kwa riwaya za wengi wetu, tusidanganyane. Yuko katikati ya kila ukurasa, amevimba kama ile keki. Na bibi yake yumo pia, ukurasa wa tatu na ukurasa wa mwisho: kizee kisicho na meno, kinachosema maneno ya kuchekesha, kimejikunja jikoni. Bibi yangu alikuwa na meno yake karibu yote. Nilimpa mhusika wangu kibyongo miaka miwili kabla ya lenzi kumpa Bibi.

Atatokea mtu aseme: sanaa yoyote ni kupotosha, kijana unalia nini? Nakubali nusu. Hakuna lenzi isiyopinda. Hata ile inayonyoosha kuta inawanenepesha watu walio pembeni. Huwezi kuitandaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bila kuikunja mahali fulani. Wakubwa wetu walilijua hilo. Euphrase Kezilahabi katika Kichwamaji (1974) alituonyesha dunia kupitia jicho la Kazimoto, na kila mtu tunayekutana naye humo amepindwa na jicho hilo. Lakini tunajua ni jicho la nani. Kivuli cha mpiga picha kimo ndani ya picha, viwiko vyote viwili. Baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliuacha kabisa mstari ulionyooka wa hadithi, na wasomaji wengi walilalamika kwamba haeleweki. Mimi nadhani alikuwa anapiga ngoro: jambo lenyewe alilolishika, habari za ukweli na kufa na kuanza upya, halikuwa limenyooka, na umbo alilolichagua linalifuata kama tuta linavyofuata mlima.

Tofauti ni hiyo. Kazi yetu vijana ni kuuliza: tunampinda nani, na kwa sababu gani? Nikikupindia mlima, mlima haujali. Nikikupindia mstari wa mganda, nimewanyima watu kile walichokitolea jasho. Katika hadithi nyingi tunazoletewa, na ninahesabu za kwangu, wanaopindwa ni walewale: bibi, mama wa kijijini, mshamba, mlevi wa kilabuni, msichana wa baa. Wamekaa mwisho wa benchi kwa sababu palikuwa na nafasi, na mpindo wao tunauita ucheshi.

Kufaulu na kutofaulu

Rafiki yangu amefaulu kwa sehemu kubwa. Amethibitisha kwamba chombo rahisi cha mkono, mikononi mwa mtu mwenye subira, kinaweza kuionyesha Mbinga na Nyasa kwa namna ambayo kalenda za ofisini hazijawahi. Picha ya ngoro na ya usipa zinastahili kukaa katika jumba lolote la maonyesho. Lugha yake ya picha ni yake, hakumwiga mtu.

Hakufaulu pale alipoitumia lenzi kama pilipili, kutia kwenye kila chungu. Jiwe la Liuli lilitaka lenzi nyingine, au lilitaka alisogelee mpaka aliguse. Mganda ulitaka asimame chini, usawa wa viuno vya wachezaji, mstari upite katikati. Na samaki, kama nilivyosema, hutazama akiwa chini. Kila picha aliyopiga juu ya kiti imeharibika, na kila aliyopiga kwa magoti imesimama.

Mimi sikufaulu mahali pamoja, nilipomkalisha Bibi pale.

Hitimisho

Kwa wale watakaonunua lenzi ya namna hii, nawaachia machache. Kioo cha mbele kimetokeza nje kama jicho la chura na hakina mahali pa kufungia kioo cha kinga, kwa hiyo mchanga wa ziwani upulizeni kwanza ndipo mfute kwa kitambaa laini. Namba za umbali zilizochorwa kwenye lenzi za bei nafuu msiziamini mpaka mmezipima wenyewe. Jihadharini na vidole vyenu na mkanda wa kamera, huingia ndani. Na mkipiga ukoo mzima katika chumba kidogo, pigeni ya pamoja kwa jicho la samaki mkitaka, lakini kabla wageni hawajaondoka mwite kila aliyekaa pembeni, mmoja mmoja, akae katikati, mpige na yake. Ni dakika moja kwa mtu, na kadi ya kumbukumbu haijai kwa hilo.

Rafiki yangu ameusoma uhakiki huu kabla sijautuma. Amekasirika kuhusu jiwe la Liuli, anasema nitakwenda naye tena nikamwonyeshe hiyo sehemu ya kusimama. Ile picha ya 12 ameibandua ukutani. Nilimwomba airudishe, akanikatalia, na sasa ninayo mimi, ndani ya kaunta buku ya kwanza, ukurasa wa tatu.

Ukurasa huo nimeuandika upya mara sita. Sasa Bibi amesimama mlangoni, ndoo kichwani, na kijana yule wa Dar es Salaam anapita nyuma yake, mdogo, akitafuta viatu vyake.